Gregor Mendel: Padri aliyehesabu njegere ndefu na fupi, dunia ikamwelewa akiwa kaburini

JINA la Gregor Mendel si geni kwa yeyote aliyewahi kuketi katika darasa la biolojia. Wengi wetu tulikutana naye tukiwa sekondari, katika ukurasa wenye michoro ya njegere za mviringo na njegere zenye mikunjo. Tukakariri uwiano wa tatu kwa moja, tukafanya mtihani, tukamsahau.

Nyuma ya uwiano huo kuna maisha ya mtoto wa mkulima maskini aliyeshindwa mtihani wa ualimu, akaishi na kufa bila kutambuliwa kuwa mwanasayansi. Na kuna swali moja ambalo aliliacha wazi katika bustani yake: kwa nini mmea mmoja wa njegere urefuke kumpita mtu, na mwingine, uliopandwa kando yake katika udongo ule ule, ukomee magotini? Jibu la swali hilo lilipatikana mwaka 1997, miaka 113 baada ya kifo chake, na lilitoka katika utafiti wa homoni za mimea.

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la Silesia, lililokuwa chini ya Dola ya Austria. Siku hizi kijiji hicho huitwa Hynčice na kimo katika Jamhuri ya Czech. Alibatizwa kwa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba lake, lakini sheria za wakati ule zilimlazimu kufanya kazi siku tatu za kila wiki katika mashamba ya bwana mwenye ardhi. Mama yake, Rosine, alikuwa binti wa mtunza bustani. Johann alikuwa mtoto wa kiume pekee kati ya dada wawili, Veronika na Theresia.

Katika shule ya kijiji watoto walifundishwa pia kutunza miti ya matunda na kufuga nyuki, kwa juhudi za paroko wa eneo hilo, Johann Schreiber. Elimu hiyo ya shambani ndiyo iliyodumu kwa kijana huyu kuliko nyingine yoyote.

Walimu walipogundua kuwa ana akili nyingi, alipelekwa kusoma mjini Leipnik na baadaye Troppau. Wazazi hawakuweza kulipa gharama zote, hivyo akawa anakula nusu ya chakula walichopewa wenzake. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa vibaya na gogo la mti, na tangu hapo hakupata tena nguvu za kulima kama zamani. Johann, akiwa na miaka 16, akaanza kujitafutia riziki kwa kufundisha watoto wa watu wengine masomo ya ziada. Aliugua mara kwa mara, na safari nyingine alirudi nyumbani na kulala kitandani kwa miezi.

Aliyemwokoa alikuwa mdogo wake, Theresia. Kwa desturi ya huko, binti ndiye aliyepewa mali na wazazi wake aende nayo kwa mume, na Theresia alikubali sehemu ya mali hiyo itumike kumsomesha kaka yake katika taasisi ya falsafa mjini Olomouc. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na uwezo, alilipia masomo ya watoto wa kiume wa dada yake huyo.

Mwaka 1843 alihitimu Olomouc akiwa hana fedha. Mwalimu wake wa fizikia, Friedrich Franz, alimpendekeza kwa watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino katika Monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno. Baadaye Mendel mwenyewe alieleza bila kificho kuwa alikuwa amechoshwa na mapambano ya kutafuta mkate wa kila siku, na kwamba hali yake ndiyo iliyomwamulia wito. Huko monasterini akapewa jina la Gregor.

Monasteri hiyo haikuwa mahali pa sala pekee. Abate wake, Cyril Napp (cheo hicho cha abate si kigeni kwa wasomaji wanaoifahamu Peramiho au Ndanda), alikuwa msomi aliyependa kilimo. Brno ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, na wafugaji wa kondoo walijadiliana kwa muda mrefu namna sifa za dume na jike zinavyopita kwa kizazi. Napp alishiriki mijadala hiyo. Kwa hiyo swali la urithi lilikuwa tayari linazungumzwa ndani ya kuta zile kabla Mendel hajashika njegere.

Mendel alipata daraja la upadri mwaka 1847 na kupewa kazi ya kuhudumia wagonjwa. Kazi hiyo ilimshinda. Kila alipokutana na mateso ya watu waliokuwa wakifa, naye aliugua. Napp aliliona jambo hilo, akamwondolea mzigo huo, na mwaka 1849 akampeleka Znojmo kuwa mwalimu wa muda. Kijana akang'ara. Wanafunzi walimpenda na walimu wenzake walimsifu.

Ili awe mwalimu kamili alitakiwa kufaulu mtihani wa serikali. Aliufanya mwaka 1850, akashindwa, na miongoni mwa masomo yaliyomwangusha ni elimu ya viumbe. Badala ya kumkatia tamaa, Napp alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia mwaka 1851 hadi 1853. Huko alifundishwa fizikia na Christian Doppler, yule yule ambaye jina lake hutajwa hadi leo katika vipimo vya mawimbi, na na Andreas von Ettingshausen, aliyekuwa bingwa wa hesabu za michanganyiko. Botania alifundishwa na Franz Unger, mtu aliyetaka mimea ichunguzwe hadi ndani ya seli zake.

Aliporudi Brno alianza kufundisha katika shule ya sekondari ya ufundi mwaka 1854. Mwaka 1856 alijaribu mtihani kwa mara ya pili, akaugua katikati na kujiondoa. Hadi alipoacha kufundisha mwaka 1868 aliendelea kuhesabiwa kuwa mwalimu wa kushikilia nafasi tu. Mwaka ule ule wa 1856 ndipo alipoanza kuchavusha njegere zake kwa mikono.

Zipo sababu za kuchagua njegere. Ua la njegere limefungwa, hivyo chavua yake huangukia pistili yake yenyewe, na upepo au nyuki hauna nafasi kubwa ya kuharibu hesabu. Mmea hukua haraka na hutoa mbegu nyingi. Mendel alinunua aina 34 kwa wauza mbegu, akazipanda kwa miaka miwili kuhakikisha kuwa kila moja inazaa kizazi kinachofanana nayo, kisha akabaki na aina 22. Bustani yake, chini ya madirisha ya monasteri, ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 35 na upana wa mita saba.

Kazi yenyewe ilidai subira isiyo ya kawaida. Alilifungua chipukizi la ua kabla halijakomaa, akaondoa stameni moja baada ya nyingine kwa kibanio, kisha akapaka chavua kutoka mmea mwingine. Baadhi ya mimea aliiweka katika vyungu ndani ya banda la vioo, ili ailinganishe na ile ya nje na kuona kama wadudu wamemvurugia. Alifanya hivyo kwa miaka minane, akachunguza mimea ipatayo 28,000.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kuwa sifa za wazazi huchanganyika kwa mtoto kama maziwa yanavyochanganyika na chai, na nani amewahi kuyatenganisha tena? Kwa imani hiyo, mmea mrefu ukipandikizwa na mfupi ungetoa kizazi cha kimo cha kati. Mendel alichukua njegere za kimo cha karibu mita mbili na kuzichavusha kwa njegere ambazo hazikufika nusu mita. Kizazi cha kwanza chote kikawa kirefu. Baadhi ya machotara hao walimzidi hata mzazi mrefu, jambo ambalo aliliandika kwa uangalifu na ambalo wakulima wa mahindi chotara wanalielewa vizuri.

Ufupi ulikuwa umekwenda wapi? Aliiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe. Katika kizazi kilichofuata, kati ya mimea 1,064, mirefu ilikuwa 787 na mifupi 277. Ufupi umerudi, tena haukupungua wala kuongezeka. Sifa nyingine zilitoa picha ile ile. Kati ya mbegu 7,324, zilizokuwa za mviringo ni 5,474 na zenye mikunjo 1,850. Kati ya mbegu 8,023, za njano zilikuwa 6,022 na za kijani 2,001. Kila alipohesabu alikaribia tatu kwa moja.

Hatua iliyofuata ndiyo inayoonyesha akili ya mtu huyu, ingawa vitabu vya shule huipita haraka. Alichukua mimea mirefu 100 ya kizazi hicho cha pili na kupanda mbegu za kila mmoja kwa mstari wake. Mimea 28 ilizaa mirefu mitupu. Mimea 72 ilizaa mirefu na mifupi pamoja. Kwa macho mimea yote 100 ilikuwa sawa, lakini ndani yake ilikuwa ya aina mbili. Tatu kwa moja ilikuwa kwa kweli moja, mbili, moja. Kutokana na hapo Mendel alihitimisha kuwa kila mmea hubeba vitu viwili kwa kila sifa, kimoja kutoka kwa kila mzazi, kwamba viwili hivyo huachana wakati wa kutengeneza chavua na yai, na kwamba kimoja kinaweza kumfunika mwenzake bila kumwangamiza. Hakujua vitu hivyo vimetengenezwa kwa nini wala vinafanya kazi gani. Aliviwakilisha kwa herufi, basi.

Aliwasilisha matokeo hayo mbele ya Chama cha Sayansi Asilia cha Brno Februari 8 na Machi 8, 1865. Gazeti moja la mjini liliandika habari zake kwa ufupi. Mwaka uliofuata makala yalichapishwa katika jarida la chama, ambalo lilipelekwa kwa taasisi zaidi ya 100 za Ulaya na kwingineko. Mendel aliomba nakala 40 za ziada na kuwatumia wataalamu.

Aliyemjibu alikuwa Carl Nägeli, profesa wa botania mjini Munich na mmoja wa vigogo wa elimu hiyo. Nägeli hakuridhika. Kwake yeye, hesabu za njegere hazikutosha kuthibitisha sheria ya asili, na alimhimiza padri huyo afanye kazi na mimea aliyoipenda yeye mwenyewe, jamii ya Hieracium, yenye maua madogo ya njano.

Ushauri huo uligeuka mtego. Maua ya Hieracium ni madogo kiasi kwamba kuondoa stameni zake ni kama kushona ndani ya tundu la sindano, na Mendel alijiharibu macho kwa kufanya kazi hiyo kwa lenzi na mwanga wa kioo. Baya zaidi, machotara wake hawakugawanyika tatu kwa moja. Walizaa watoto wanaofanana nao kabisa, kizazi baada ya kizazi. Siku hizi inafahamika kuwa mimea mingi ya jamii hiyo hutengeneza mbegu bila kuchavushwa, hivyo mtoto huwa nakala ya mama. Lakini hilo lilieleweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mendel aliendelea kumwandikia Nägeli hadi mwaka 1873, akimtumia taarifa na mbegu. Nägeli alipochapisha kitabu chake kikubwa kuhusu urithi mwaka 1884, hakulitaja jina la Mendel hata mara moja.

Watu hupenda kuuliza kuhusu Charles Darwin, kwa sababu wawili hao waliishi zama moja. Mendel alikwenda London mwaka 1862 pamoja na kundi la wageni wa maonyesho ya kimataifa, lakini hawakuonana. Alisoma kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kwa tafsiri ya Kijerumani na kuweka alama pembeni. Darwin, kwa upande wake, hakuna ushahidi kwamba alisoma makala ya njegere. Yeye naye aliwahi kuchavusha maua ya bustani yenye maumbo mawili, akapata katika kizazi cha pili mimea 88 ya umbo la kawaida na 37 ya umbo lisilo la kawaida, akaendelea na mambo mengine. Namba zilikuwa mezani kwake, lakini hakuziuliza swali alilouliza Mendel.

Hata hivyo, Darwin alifungua mlango wa pili. Mwaka 1880, akishirikiana na mwanawe Francis, alichapisha majaribio ya miche ya nyasi inayoinama kuelekea mwanga. Walipofunika ncha ya mche kwa kofia ndogo isiyopitisha mwanga, mche haukuinama, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Walihitimisha kuwa kuna kitu kinachotoka nchani na kushuka chini kuamuru ukuaji. Kitu hicho baadaye kilitambuliwa kuwa oksini, na mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alionyesha namna ya kukipima. Huo ndio mwanzo wa elimu ya homoni za mimea.

Wakati huo Mendel alikuwa ameshaacha mimea. Machi 1868 alichaguliwa kuwa Abate baada ya kifo cha Napp. Aliamini cheo hicho kingempa muda na fedha za utafiti. Kilimpa mikutano. Baadaye aliongoza pia bodi ya benki ya mikopo ya nyumba na ardhi, akawa mjumbe wa vyama vingi vya kilimo. Alifuga nyuki, alipima joto, mvua na upepo kila siku kwa miaka mingi, na kimbunga kilipopiga Brno Oktoba 1870 alikieleza kwa usahihi unaowashangaza wataalamu wa hali ya hewa. Alinenepa, akavuta sigara kwa wingi, akawa maarufu mjini kwa ukarimu wake.

Kisha ukaja ugomvi uliomla. Mwaka 1874 serikali ilipitisha sheria ya kuzitoza monasteri mchango mkubwa kwa ajili ya mfuko wa dini. Monasteri nyingine zililalamika, kisha zikalipa. Mendel alikataa katakata akidai kuwa sheria hiyo haikuwa ya haki. Serikali ikakamata mapato ya mashamba ya monasteri, marafiki wakamsihi alegeze kamba, yeye akaandika rufaa baada ya rufaa. Ni vigumu kutomhurumia, na ni vigumu pia kutojiuliza njegere ngapi zingehesabiwa katika miaka hiyo kumi. Ukaidi uliomwezesha kuondoa stameni kwa maelfu ndio huo huo uliomfunga katika mafaili ya kodi.

Alifariki Januari 6, 1884, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na umri wa miaka 61. Katika misa yake ya wafu muziki uliongozwa na Leoš Janáček, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki. Umati uliofurika mazishini uliomboleza Abate na mfadhili wa maskini, si mwanasayansi. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto baada ya kifo chake, na maandishi ya majaribio ya njegere hayapo.

Mwaka 1900 watu watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, walichapisha matokeo yanayofanana na ya Mendel, wakakuta kuwa padri mmoja aliwatangulia kwa miaka 34. Correns alikuwa mwanafunzi wa Nägeli na alimwoa binti wa ndugu wa profesa huyo. Ni yeye aliyechapisha barua za Mendel kwa Nägeli mwaka 1905. Mwingereza William Bateson alilitangaza jina la Mendel kwa bidii ya mhubiri, na mwaka 1909 Mdenmaki Wilhelm Johannsen akavipa vile vitu viwili jina fupi tunalotumia mpaka sasa: jeni.

Hakukosa wa kumtilia shaka. Mwaka 1936 mtakwimu Ronald Fisher alidai kuwa namba za Mendel ni nzuri kupita kiasi, zimekaribia mno uwiano uliotarajiwa. Mjadala huo umeendelea kwa miongo mingi. Pengine padri, au msaidizi wake wa bustani, alihesabu kwa upole mbegu zilizokuwa na shaka. Kwa vyovyote, kila aliyerudia majaribio hayo amepata jibu lile lile.

Lakini jeni la urefu lilikuwa linafanya nini hasa? Kidokezo kilitoka mbali na Brno. Wakulima wa mpunga wa Japani walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa unaofanya miche irefuke kupita kiasi, inyong'onyee na kuanguka. Waliuita ugonjwa wa mche mpumbavu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, alionyesha kuwa urefu huo unasababishwa na kemikali inayotolewa na kuvu. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta aliipa kemikali hiyo jina la jiberelini. Dunia ya Magharibi ilichelewa kuzipata habari hizo. Baadaye ikabainika kuwa mimea yenyewe hutengeneza jiberelini na kuitumia kama homoni ya kurefusha mashina.

Mwaka 1955 watafiti wa Uingereza Percy Brian na Hugh Hemming waliipaka njegere fupi jiberelini. Njegere zikarefuka kama ndugu zake warefu. Zile ndefu, zilipopakwa, hazikubadilika sana. Ikawa wazi kuwa mmea mfupi haukukosa uwezo wa kukua, ulikosa amri ya kukua.

Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalilipata jeni lenyewe. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachokamilisha hatua ya mwisho ya kupika jiberelini inayofanya kazi, ambayo wataalamu huiita GA1. Katika njegere fupi, herufi moja tu ya kinasaba imebadilika, na kwa kosa hilo asidi amino moja ya kimeng'enya, ya 229, imekuwa nyingine. Kimeng'enya kinafanya kazi kwa uzembe, homoni inapungua, shina linabaki fupi. Hapo pia panaeleweka kwa nini urefu humfunika mwenzake: nakala moja nzima ya jeni inatosha kutengeneza homoni ya mmea wote. Mlango wa Mendel na mlango wa Darwin viliingia katika chumba kimoja.

Ufupi huo haukuwa jambo la bustanini tu. Mwaka 1966, karne moja kamili baada ya makala ya Mendel, taasisi ya utafiti wa mpunga nchini Ufilipino ilitoa aina fupi iitwayo IR8, ambayo ilibeba masuke mazito bila kuanguka na ikazidisha mavuno barani Asia. Mwaka 2002 ilibainika kuwa ufupi wake unatokana na jeni jingine la kutengeneza jiberelini lililoharibika. Ngano fupi alizozisambaza Norman Borlaug, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 1999, zina kasoro tofauti: homoni ipo, lakini mmea hauisikii. Mamilioni ya watu wamelishwa na mimea iliyopunguziwa amri ya kurefuka.

Hata mbinu ya kuingiza jeni katika mmea ina mkono wa homoni. Bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium, aliyetambuliwa mwaka 1907 kuwa chanzo cha uvimbe katika mashina, huingiza jeni zake ndani ya seli za mmea, na jeni hizo huifanya seli itengeneze homoni za ukuaji bila kikomo. Watafiti waliziondoa jeni za uvimbe na kuweka nyingine mahali pake. Mwaka 1983 makundi kadhaa ya Ulaya na Marekani yalitangaza mimea ya kwanza iliyobadilishwa kwa njia hiyo. Na walipotaka kujua kama jeni lililoingizwa linarithiwa sawasawa, waliotesha mbegu, wakahesabu. Tatu kwa moja.

Mwaka 2021, katika maandalizi ya kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwake, wanasayansi wa Brno walifukua kaburi la watawa na kuyatambua mabaki ya Mendel kwa kulinganisha vinasaba vyake na vilivyobaki katika vitu alivyovitumia. Walisoma vinasaba hivyo vyote, wakakuta mabadiliko yanayohusishwa na kisukari na maradhi ya moyo na figo. Banda jipya la vioo lilifunguliwa monasterini mwaka 2022, juu ya misingi ya lile la zamani.

Kati ya sifa saba alizochagua, nne zilikuwa zimeshajulikana jeni zake kufikia mwaka 2010. Tatu zilizobaki, yaani rangi ya ganda, umbo la ganda na mahali maua yanapokaa kwenye shina, zilielezwa na watafiti wa Uingereza na China katika jarida la Nature mwaka 2025.